Si kila modemu inafaa laini yako

Mhariri,

Wengi hununua modemu yoyote ya intaneti ya nyumbani, kisha wakailaumu laini. Kwenye laini za simu za VDSL2 (teknolojia ya kupitisha intaneti ya kasi kwenye waya wa simu) zenye mfumo wa kufuta mwingiliano wa mawimbi, modemu isiyokubali kiwango cha G.993.5, yaani kanuni ya kiufundi ya mfumo huo, huweza kuvuruga hata laini za majirani zilizo ndani ya kebo hiyohiyo. Ndiyo maana kampuni ya intaneti huishusha kasi au kuikatalia kabisa.

Kabla ya kulipa, soma orodha ya modemu zilizoidhinishwa na kampuni yako. Linganisha mpaka toleo la programu ya ndani ya modemu (firmware), usiishie kwenye jina. Ruta, kifaa cha kugawa intaneti nyumbani, inayofungwa nyuma ya modemu haina masharti mazito hivyo. Ikigoma, kagua kwanza namba ya VLAN (namba ya njia ya mtandao inayotumiwa na kampuni) na nywila ya PPPoE (njia ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni kwa jina na nywila).

Kampuni nazo ziziweke orodha hizo wazi, mteja azione kabla hajanunua.

Msomaji, fundi mitandao