Usiulize ni mtoto wa nani

Shoga yangu Mama Salum,

Salamu sana. Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo imetukalisha ndani.

Nimeisikiliza ile sauti uliyotuma kwenye kundi letu la vikoba, kuhusu binti aliyebakwa. Najua uliituma kwa uchungu, na jina hukutaja. Lakini ulisema "yule binti wa mama muuza vitumbua wa pale kwenye transfoma, wa kidato cha tatu." Sasa hapo umeficha nini, mwenzangu? Sisi hatujuani kwa majina. Wewe mwenyewe nilikaa nawe miaka mitatu ndipo nikalijua jina ulilopewa na baba yako. Kwetu mtu anajulikana kwa mama yake, kwa mtaa wake, kwa sare ya shule yake.

Unaikumbuka ile video ya Agosti 2024, ya binti aliyebakwa na kundi la wanaume? Kesi ilisikilizwa faragha kule Dodoma, mahakamani binti akaitwa XY, na mwisho wa Septemba washitakiwa wanne wakafungwa maisha. Mahakama ilimsitiri. Sisi tulikuwa tumeshamwita kwa jina la mtaa wake, na wengine wakaitafuta video eti wahakikishe. Hata mimi nilitumiwa. Niliifuta bila kuifungua, lakini aliyenitumia sikumwambia neno, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sheria yetu inataka ushahidi wa kesi hizi utolewe faragha, na mashahidi wasitangazwe magazetini. Nashukuru. Ila kabla ya kumfikia hakimu kuna kaunta, kuna benchi, kuna foleni ya hospitali.

Mwaka juzi nilimsindikiza binti mmoja kituoni. Wa nani, sikwambii, na tafadhali usikisie. Tulikaa benchi moja na watu waliokuja kwa habari ya bodaboda iliyoibwa. Askari akatoka na karatasi mkononi, akaita: "Yule wa kubakwa yuko wapi?" Benchi zima likageuka. Binti hakuinuka. Nikainuka mimi, nikaipokea ile PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kana kwamba ni yangu. Hospitali aliishika maandishi yakitazama chini, kidole gumba kikifunika jina lake, mpaka wino ukampakaa kwa jasho. Siku ile sikujua kwamba ningeweza kuuliza moja kwa moja lilipo Dawati la Jinsia na Watoto, tukazungumze ndani. Sasa najua, nawe ujue.

Dawa za kukinga virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72. Saa hizo hizo ndizo mtu anazozimaliza chumbani akiwaza nani atamwona akiingia kituoni, nani atampigia simu shangazi yake. Sauti kama ile yako, binti mwingine akiisikia, atajua atakavyosemwa yeye.

Wewe ndiye admini. Ifute kwa wote leo hii, usingoje kikao cha Jumapili. Akikuuliza mtu, mwambie hujui lolote. Na kesho asubuhi nenda kanunue vitumbua kama siku zote. Ukimkuta binti ndiye anauza, mwambie akufungie vya elfu moja, umuulize shule wanafunga lini.

Nisalimie Bibi. Khanga zake nimezipata, nitakuja nazo Ijumaa.

Shoga yako,
Mama Rehema