Wanamuziki wa Mombasa wawafungulie mashabiki hesabu zao

Mhariri,

Kila mjadala unapozuka kuhusu mapato ya wanamuziki wa Pwani, lawama huishia pale pale: redio hazichezi nyimbo zetu, mirabaha haifiki, wapromota wa Nairobi hawatujui. Malalamiko hayo yana msingi. Hata hivyo, msikilizaji mwenyewe hutajwa kwa nadra, ilhali Mombasa ni mji ambao tangu zamani msikilizaji amezoea kutoa noti mfukoni na kumpa mwimbaji mkononi. Katika taarab mtu huinuka, akatunza, akarudi kitini, na hakuna amwonaye mwimbaji kuwa ombaomba. Kijana anayerekodi peke yake leo Kisauni au Likoni ana wasikilizaji wa damu hiyo hiyo. Kasoro ni kwamba yeye mwenyewe hawajui kwa majina, na huwakumbuka siku anapougua au kudaiwa kodi ya nyumba.

Hesabu za mitandao zinafaa kujulikana mapema. YouTube haimgawii mtu mapato ya matangazo mpaka chaneli yake iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Hata akifika hapo, pesa hazitumwi hadi zitimie dola 100. Spotify ilianza huduma zake Kenya mwaka 2021, na tangu 2024 wimbo ambao haukusikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia haulipwi chochote. Zawadi ambazo mashabiki hurusha TikTok wakati wa matangazo ya moja kwa moja hukatwa karibu nusu kabla ya kumfikia msanii. Skiza, huduma ya Safaricom ya milio ya kumngoja anayepigiwa simu, ina mgao mzuri zaidi, kwa kuwa sheria ya hakimiliki ilivyorekebishwa mwaka 2022 humpa mwenye wimbo asilimia 52, lakini huko nako humjui aliyeununua, basi huwezi kumshukuru wala kumwalika kwenye shoo.

Msanii abaki huko kote, maana huko ndiko wageni wanakomkuta kwa mara ya kwanza. Ila asiwaache huko. Na asinunue watazamaji. Wapo vijana wanaouza mibofyo kwa maelfu, na wengi hudhani hasara pekee ni zile pesa za kununulia. Tangu 2024 Spotify hutoza faini kwa wimbo unaogunduliwa kusikilizwa kwa hila, na kampuni inayokusambazia muziki huweza kukudai faini hiyo au kuuondoa wimbo kabisa. Mbaya zaidi, mibofyo ya bandia hukunyima habari za kweli: hutajua kama wimbo ulipendwa Mtwapa au haukupendwa popote.

Kazi ya kwanza ni kutengeneza orodha yako mwenyewe ya majina na nambari za simu. Tafuta laini ya pili ya simu, iwe ya muziki tu. Kwenye kila shoo, hata ya harusi ukiruhusiwa na wenye shughuli, weka daftari au karatasi yenye nafasi nne: jina, nambari, mtaa, na sahihi ya mtu kukubali kupokea ujumbe wako. Usiidharau hiyo nafasi ya mwisho. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mtu aridhie kabla hujatumia nambari yake, na kuchota nambari kutoka kundi la mtaa ni kuivunja. Kisha mwombe ahifadhi nambari yako palepale, kabla hajaondoka. Orodha ya matangazo ya WhatsApp hupokea watu 256, na ujumbe humfikia tu yule aliyekuhifadhi kwenye simu yake. Wasanii wengi hutuma ujumbe kwa watu 200, ukawafikia 40, wakaamini kwamba mashabiki wamewapuuza.

Usiwatie wote katika kundi moja la WhatsApp. Kundini kila mtu huona nambari ya mwenzake, na wanawake ndio huanza kusumbuliwa na watu wasiowajua. Wakijitoa, hawarudi. Ukitaka jambo la wazi kwa wote, chaneli ya WhatsApp huficha nambari za wanachama.

Sasa, uwaambie nini? Hapa ndipo uaminifu unapopimwa. Ujumbe mmoja kwa wiki unatosha, na katika kila minne, mmoja tu uwe wa kuomba pesa. Mitatu mingine iwe na kitu: ubeti mpya kabla haujatiwa sauti, sekunde 30 za mazoezi ya udi, maelezo ya kwa nini ulibadilisha mdundo kutoka chakacha ukaingia bango. Usiandike "nimekukumbuka leo" katika ujumbe unaowaendea watu 256. Wanajua. Aliyekujibu, mjibu wewe mwenyewe, hata kwa mstari mmoja, na uweke saa za kujibu uzitangaze, tuseme saa mbili hadi saa tatu usiku. Msanii anayejibu usiku kucha huchoka katika mwezi wa pili akanyamaza, na ukimya huo huwaumiza watu kuliko kama hangeanza.

Ukituma wimbo, kumbuka bando la mwenzako. Wimbo wa dakika nne katika MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde ni karibu MB 10. Ukiushusha hadi 128 unakuwa chini ya MB 4. Tuma huo mdogo kwa wote, na mkubwa kwa atakayeuomba. Utume kama dokumenti, na kabla ya hapo andika jina la wimbo na la mwimbaji ndani ya faili lenyewe, la sivyo wimbo utazunguka Mombasa nzima bila jina lako.

Upande wa malipo, fungua till ya Lipa na M-Pesa, yaani nambari ya biashara ya kupokea malipo, badala ya kupokea kwa nambari yako binafsi. Anayelipa kwa till hakatwi ada, ilhali anayetuma Sh150 kwa nambari ya mtu hukatwa Sh7. Kwa anayetoa kidogo kila mwezi, hilo lina uzito. Till pia hutenganisha pesa za muziki na za chakula cha nyumbani, na taarifa yake ya malipo ndiyo daftari lako la hesabu. Jina linalotokea mlipaji anapolipa lifanane na jina lako la muziki. Likitokea jina lisilojulikana, watu husita, na wana haki ya kusita, kwa sababu matapeli hufungua kurasa kwa majina ya wasanii na kuwaomba mashabiki pesa faraghani. Dawa yake ni kutangaza nambari moja tu, isibadilike, na kurudia mara kwa mara kwamba huombi pesa kwa ujumbe wa faragha. Ukishasema hivyo, usivunje hata mara moja, hata kwa dharura.

Kwa wanaotaka kukuunga mkono kila mwezi, M-Pesa Ratiba, iliyoanza mwaka 2024, huwawezesha kupanga malipo yaende yenyewe siku wanayoichagua. Waelekeze wachague kati ya tarehe 28 na 5, mshahara ukiwa bado upo. Waeleze pia, kwa maneno yako na mapema, namna ya kuusimamisha mpango huo. Mtu anayejua anaweza kutoka wakati wowote hana hofu ya kuingia. Watu 60 wakitoa Sh200 kwa mwezi ni Sh12,000. Pesa hizo haziwezi kumlisha mtu na familia yake, lakini humwingiza studio bila kukopa.

Usiombe Januari, wala wiki ambazo shule zinafunguliwa. Mwezi wa Ramadhani acha kabisa nyimbo na kuomba pesa. Harusi hurudi baada ya Idd, na mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ndio wakati wa kutangaza kwamba unatunga nyimbo za harusi kwa kuagizwa. Kazi hiyo ina staha na malipo ya hakika, mradi masharti yaandikwe: nusu ya bei kabla ya kuanza, majina ya wazazi na ya maharusi yaletwe kwa maandishi, masahihisho mara mbili tu, na salio lilipwe kabla ya faili kutolewa. Migogoro mingi hutokana na majina yaliyokosewa au shangazi aliyesahaulika, basi mwenye shughuli na ausome ubeti wote kabla haujaimbwa.

Linalokosekana zaidi ni hesabu ya kurudisha kwa waliotoa. Ndani ya siku saba baada ya kazi kukamilika, tuma taarifa fupi. Mfano: "Tulipokea Sh18,400 kutoka kwa watu 71. Studio saa sita kwa Sh1,500, jumla Sh9,000. Mpiga udi Sh3,000. Mpiga dumbaki Sh2,000. Kuchanganya sauti Sh4,000. Zimebaki Sh400, zinaingia wimbo ujao." Mistari sita. Kama ulijilipa mwenyewe, andika ulijilipa kiasi gani. Hakuna aibu mwimbaji kula jasho lake, aibu ni kuificha. Kama kazi imechelewa, sema imechelewa kwa sababu gani na itakuwa tayari lini, kabla hujaulizwa. Mashabiki huvumilia kucheleweshwa. Ukimya ndio huwafukuza.

Kiasi alichotoa kila mtu usikitangaze. Ukumbini mwenye kutunza hutaka aonekane, lakini orodha iliyoandikwa ikikaa kwenye simu za watu humdhalilisha aliyetoa Sh50 mbele ya aliyetoa Sh5,000. Majina nayo yatajwe kwa idhini ya wenyewe tu.

Kuhusu shukrani, achana na fulana mpaka uwe umeuza zile za kwanza kwa malipo ya mapema. Fulana hudai saizi nne au tano, idadi ya chini ya kuchapisha, na nauli ya kuzisafirisha, na mara nyingi mchango wote huishia humo. Pwani tuna shukrani isiyo na gharama ya usafiri: ubeti mmoja wenye jina la mtu, umeimbwa kwa simu mahali patulivu. Weka kikomo, labda beti kumi kwa mwezi. Ukiahidi mia utaanza kunakili vina vyako mwenyewe, na watu wa hapa wanajua shairi, watakugundua.

Kabla ya pesa yoyote kuingia, wenye kazi wakubaliane kwa maandishi. Taarab ina uzoefu wa kutenganisha mtunzi wa mashairi, mwimbaji na wapigaji, lakini wengi huacha mgao midomoni. Karatasi moja yatosha: jina la wimbo, tarehe, majina kamili na nambari za vitambulisho, asilimia za kila mmoja zikijumlishwa ziwe 100, na sahihi. Iandikwe siku ya kurekodi, kabla wimbo haujajulikana. Kila mtu abaki na nakala, na wimbo usajiliwe kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kwa majina hayo hayo. Shabiki akisikia kwamba mtunzi hakulipwa, hatatoa tena, na sioni kwa nini alaumiwe.

Maonyesho madogo ndiyo hugeuza majina ya orodha kuwa watu. Ua wa nyumba au ukumbi wa watu 40, tiketi Sh500, arubuni ya Sh200 kwa till siku tano kabla. Bila arubuni, "inshallah tutakuja" haina idadi. Spika mbili na maikrofoni mbili zinatosha kwa udi, ngoma na sauti. Vinavyoharibu mambo ni vidogo: waya mmoja mbovu usio na akiba, umeme kupotea bila mpango, shoo kuanza saa moja baada ya muda uliotangazwa ilhali waliokuja wana feri ya Likoni ya kuvuka. Omba kibali cha kaunti kuhusu kelele wiki mbili kabla ya shoo, na uwaarifu majirani wewe mwenyewe.

Jamaa zetu walio Ghuba na Ulaya wanaweza kununua kupitia Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ambalo huchukua asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo na kumruhusu mnunuzi kulipa zaidi ya bei uliyoweka. Pesa huja kwa PayPal, nayo huunganishwa na M-Pesa hapa Kenya. Pakia faili kamili za sauti, WAV au FLAC, kwani MP3 hukataliwa. Asiye na kadi ya benki huko aliko anaweza kumwagiza ndugu yake wa hapa alipe kwa till, nawe umpelekee wimbo yule wa mbali.

Ombi langu kwa gazeti hili ni moja. Mnapoandika habari za mwanamuziki asiye na kampuni, chapisheni mwishoni mwa habari nambari yake ya till, baada ya mwandishi wenu kujaribu kulipa Sh10 na kusoma jina linalotokea. Msomaji aliyeguswa na habari hiyo asubuhi atajua mahali pa kutunzia kabla hajalikunja gazeti.

Fundi mitambo wa studio,
Tudor, Mombasa