Barua ya wazi kwa Rais wa FIA: mshahara wa fundi uwekwe kando kabla gari halijawashwa

Mheshimiwa Rais Mohammed Ben Sulayem,

Assalaam aleikum.

Nakuandikia kutoka Changamwe, Mombasa, ambako kazi yangu ni ufundi wa magari. Wewe mwenyewe umeshika usukani. Ubingwa wa rali wa Mashariki ya Kati uliutwaa mara 14, kwa hiyo huna haja ya kuambiwa kwamba dereva hafiki mbali bila mtu aliyekesha chini ya gari akibadilisha giaboksi. Barua hii ni kwa ajili ya mtu huyo. Sisi Wakenya FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, tunaiona kwa karibu kwenye Safari Rally, iliyorudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002. Lakini leo naiweka kando rali hiyo ya Naivasha. Nataka kukukumbusha habari za Banbury, mji wa Uingereza ambako timu moja ya langalanga, yaani Formula One, ilikufa mara mbili, na kukuomba jambo ambalo liko ndani ya uwezo wako.

Timu hiyo ilianza kwa jina la Virgin, ikaitwa Marussia, ikazikwa kwa jina la Manor. Ofisi unayoikalia sasa ndiyo iliyoialika. Mwaka 2009, FIA chini ya Max Mosley ilizikaribisha timu mpya katika Formula One kwa msimu wa 2010, na kilichozivuta ni kikomo cha matumizi cha pauni milioni 40 kwa mwaka. Kwa John Booth, mkuu wa timu hiyo, aliyeianzisha Manor mwaka 1990 kama timu ya madaraja ya chini na kuwapitisha Kimi Räikkönen na Lewis Hamilton katika Formula Renault, hesabu hiyo ilikuwa inawezekana. Timu kubwa zikakataa. Zikatishia kujitoa na kuanzisha mashindano yao, na Juni 2009 pande mbili zikapatana kwa kukitupa kile kikomo. Timu mpya zilikuwa zimeshaandikishwa.

Ahadi ni deni, Mheshimiwa, na deni lile halikulipwa. Katika timu nne zilizokuwa zianze 2010, USF1 haikufika hata kwenye mbio za kwanza. HRT ya Hispania ilimalizika mwishoni mwa 2012. Lotus, iliyogeuka kuwa Caterham, ilianguka 2014, na Manor ikafuata 2017. Watu husema zilikuwa timu dhaifu, na kweli makosa yalikuwapo: gari la kwanza la Virgin lilisanifiwa kwa kompyuta tu, bila handaki la upepo la kulijaribia, ili kubana matumizi, na tangi lake la mafuta likawa dogo mno kwa baadhi ya mbio. Lakini timu mpya zikialikwa kwa sharti moja, sharti likaondolewa, na zote zikafa, mimi siwezi kusema tatizo lilikuwa tangi.

Nikueleze jinsi kifo chenyewe kilivyokuja, maana wengi wameshasahau.

Mei 2014, Monaco, Jules Bianchi, dereva wa Marussia, alijipenyeza kwenye kona ya Rascasse akampita Kamui Kobayashi wa Caterham huku magari yakigusana. Akavuka mstari wa mwisho akiwa wa nane, akaongezewa sekunde tano za adhabu, akashushwa hadi nafasi ya 9. Pointi 2, za kwanza katika maisha ya timu ile. Mafundi walilia, na mimi nikitazama huku kwetu sikuweza kujizuia. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo, kwenye mvua ya Suzuka, Japani, Bianchi akapata ajali ambayo ingemwua Julai 2015.

Wiki moja baada ya Suzuka timu ilikuwa Sochi, Urusi. Mafundi waliliunganisha gari la Bianchi kama kawaida, likakamilika, kisha likaachwa gerejini mwikendi nzima. Dereva wa pili, Max Chilton, akakimbia peke yake. Fikiria kazi hiyo, Mheshimiwa: unafunga kila nati ya gari la mwenzako aliye hospitalini, ukijua halitatoka, na huku unasikia minong'ono kwamba kampuni haina fedha. Kabla Oktoba haijaisha Marussia ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa kampuni zilizofilisika. Novemba ikafungwa, na watu wapatao 200 wakaachishwa kazi. Caterham nayo ilianguka Oktoba hiyo hiyo. Wafanyakazi wake walikuta kiwanda cha Leafield kimefungwa, na timu ilifika Abu Dhabi kwa mbio za mwisho kwa michango ya mashabiki kupitia intaneti. Mashabiki wa kawaida walitoa walichonacho ili magari mawili yakimbie, katika mchezo unaozunguka na mabilioni.

Zile pointi 2 za Bianchi ndizo zilizoifufua Marussia. Ziliipa nafasi ya 9 katika msimamo wa timu, na nafasi hiyo ilibeba fedha za zawadi zilizomfanya Stephen Fitzpatrick, mfanyabiashara wa nishati, aone kuna kitu cha kuokoa mapema 2015. Timu ikarudi kwa jina la Manor. Mwaka 2016 ilipata injini za Mercedes, Pascal Wehrlein akaleta pointi 1 kutoka Austria, na kwa miezi kadhaa Manor ikawa ya 10, juu ya Sauber.

Halafu zikaja mbio za Interlagos, Brazil, Novemba 2016. Mvua ilinyesha kutwa, bendera nyekundu zikapandishwa mara mbili, mbio zikachukua zaidi ya saa tatu. Esteban Ocon aliliweka gari la Manor ndani ya kumi bora hadi karibu na mwisho, kisha akapitwa, akamaliza wa 12. Felipe Nasr wa Sauber akamaliza wa 9. Pointi 2 tena, nafasi ile ile aliyoipata Bianchi, safari hii kwa upande wa pili. Sauber ikawa ya 10 na Manor ikawa ya 11, na wakati ule tofauti ya 10 na 11 ilikuwa mamilioni ya pauni. Fitzpatrick mwenyewe aliwaambia wafanyakazi wake kwamba mbio za Brazil ndizo zilizolizima tumaini. Januari 2017 mnunuzi hakupatikana. Wafanyakazi 212 walilipwa hadi mwisho wa mwezi, wengi wao wakaambiwa waende nyumbani.

Silalamiki kwamba Nasr aliendesha vizuri. Aliendesha vizuri sana, kwao, mbele ya watu wake. Ninalolalamikia ni kwamba riziki ya familia zaidi ya 200 ilining'inia kwenye mvua ya alasiri moja São Paulo, na kati ya wote waliotia saini mikataba ya mchezo huu hakuna aliyekuwa ameweka kando hata senti kwa ajili ya siku hiyo.

Timu ikifilisika kila mtu ana pa kukimbilia isipokuwa fundi. Dereva ana meneja na mkataba. Mmiliki amewekeza kupitia kampuni, na hasara inaishia mlangoni mwa kampuni. Orodha ya walioidai Marussia ilikuwa na Ferrari na McLaren, majina yanayoweza kupoteza deni na bado yakaanza msimu unaofuata. Fundi ana kodi ya nyumba. Hata huku kwetu nimeyaona: niliwahi kufanya kazi katika timu ndogo ya rali ambayo mwenyewe aliuza gari kimya kimya baada ya mashindano, na sisi tuliolibadilisha springi usiku tukabaki na ahadi za simu. Hakukuwa na ofisi ya kupeleka malalamiko. Chama cha mchezo kilitujibu kwamba hayo ni mambo kati yenu na mwajiri wenu.

Nakubali kwamba mambo yamebadilika. Kikomo cha matumizi hatimaye kiliingia 2021, dola milioni 145, miaka 12 baada ya kuahidiwa. Ugawaji wa fedha umerekebishwa, na thamani ya timu imepanda kuliko wakati wowote. Tangu Force India ikabidhiwe kwa wasimamizi Julai 2018 hatujaona timu nyingine ya Formula One ikifika huko, na hata ile iliokolewa: mnunuzi alipatikana, ajira 405 zikabaki, na leo inaitwa Aston Martin. Lakini iliokolewa kwa sababu tajiri alijitokeza kwa wakati. Kwa Manor hakujitokeza mtu. Na wenye mali huondoka wakitaka: Honda mwaka 2008, kisha BMW na Toyota 2009. W Series, mashindano ya madereva wanawake yaliyokimbia kwenye mwikendi zile zile za Formula One, yalifilisika 2023, wakati kila mtu akisifia utajiri wa langalanga.

Sasa ombi langu. FIA iweke sharti kwamba timu yoyote inayotaka kuandikishwa katika mashindano ya dunia ianze kwa kuweka amana ya mishahara ya miezi mitatu ya wafanyakazi wote, katika akaunti ambayo mmiliki hawezi kuigusa wala wadai wakubwa hawawezi kuidai. Siku timu ikianguka, amana iwaendee wafanyakazi moja kwa moja, na kinachobaki kiwalipe wasambazaji wadogo: mwenye karakana ya kuchonga vyuma, mwenye lori, mama anayewapikia. Amana isihesabiwe ndani ya kikomo cha matumizi, ili timu isipate sababu ya kuipunguza kwa ajili ya bawa jipya la mbele.

Mtasema sheria za ufilisi ni za nchi, si za FIA. Ni kweli, na sikuombi uzibadili. Hili ni sharti la kuandikishwa tu, kama leseni ya dereva. Vitabu vya hesabu vya timu tayari mnavisoma: mwaka 2022 mliipiga timu ya Red Bull faini ya dola milioni 7 kwa kupitisha matumizi ya msimu uliotangulia. Anayeweza kuona dola iliyozidi anaweza kuona kama mishahara ya miezi mitatu ipo au haipo.

Na fedha zipo. Chini ya makubaliano ya Formula One ya 2021, timu mpya ilitakiwa kulipa dola milioni 200 ili timu zilizopo zisipungukiwe mgao. Wamiliki walijiwekea kinga dhidi ya kupunjwa, nami sioni ubaya, kila mtu hulinda mali yake. Lakini mchezo uliomlinda mmiliki asipungukiwe hauna sababu ya kumwacha fundi akose kabisa. Sehemu ya malipo ya namna hiyo ianzishe mfuko wa timu ndogo na madaraja ya chini, ambako amana kamili itakuwa mzigo.

Mlipofungua maombi ya timu mpya mwaka 2023, wewe ukiyasimamia huku wakubwa wakinuna, mliwauliza waombaji kuhusu fedha, uwezo wa kiufundi, mazingira, hata faida kwa jamii. Nilikuunga mkono wakati ule. Ongeza swali moja kwenye fomu hiyo: siku mtakapofunga, mishahara ya watu wenu iko benki gani? Asiyekuwa na jibu asipewe nafasi. Lipeleke mbele ya Baraza la Dunia la Michezo ya Magari kwenye kikao kijacho, na jibu lao litangazwe hadharani, ili sisi wenye mikono ya grisi tujue tumesimama wapi.

Wako katika mchezo,
Fundi wa magari, Changamwe, Mombasa