Jicho la Bi Rukia

Langoni, Lamu

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Sisi wazima, mama hajambo, magoti yake ni yale yale. Najua nimenyamaza na una haki ya kuninunia, lakini ninunie baadaye. Sasa nina shida nawe.

Ni jicho la Bi Rukia. Uliniuliza mbona kwenye picha za arusi kageuza uso upande mmoja. Ndilo hilo. La kushoto limetokeza nje, na ukilitazama vizuri limeshuka kidogo na kuelekea puani. Halimuumi, si jekundu, homa hana. Limekuja polepole, zaidi ya mwaka, naye akitwambia ni usingizi. Mtaani kila mtu na lake: hasadi, jini, rovu. Wa rovu hakukosea sana, maana tezi ya shingo ndiyo inayotokeza macho ya watu wazima kuliko kitu kingine. Lakini damu yake ilipimwa, tezi haina neno.

Kilichochafua mambo ni Nasri wa Swafiya. Alikuwa na mafua hayaishi, kikamtoka kijipu kando ya pua, akakiminya. (Hapo si pa kuminya kabisa, mishipa ya damu ya sehemu ile inaingia hadi kichwani.) Mara kope zikavimba, homa ikawaka, jicho likawa halizunguki, naye anaona watu wawili wawili. Usiku ule ule akawekwa dripu ya antibiotiki, kulipokucha boti hadi Mokowe, na gari moja kwa moja Mombasa. Sote tulikilaumu kijipu. Picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, ikasema vingine: usaha ulitoka kwenye vitundu vya mifupa vilivyo kati ya pua na jicho, vilivyojaa kwa yale mafua. Ukuta wa mfupa pale ni mwembamba kama karatasi, usaha ukapenya ukakaa ubavuni mwa jicho. Wakapitia puani wakautoa. Wangechelewa, neva ya kuonea ingebanwa akapofuka, au ungepanda ubongoni. Leo anatupigia mpira madirishani, Alhamdulillahi, ingawa Swafiya bado akimsikia anapiga chafya anaruka.

Basi sasa mtaa mzima ni madaktari! Nasri katolewa usaha kapona, Bi Rukia naye atobolewe. Mwanakombo keshapata mtu wa sindano, na hataki hata pesa. Nia yake njema, wamjua, lakini roho yangu haitulii.

Zuhura, lile si jipu. Daktari wa macho aliyemwona huko Mombasa anashuku uvimbe wa tezi ya machozi, ile iliyo juu pembeni, upande wa sikio, ndiyo maana jicho limesukumwa chini na ndani. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi si kansa, ila una sharti lake: utolewe mzima na ganda lake. Hata wao wenyewe, wakiushuku, hawakati kipande kwanza wakapime. Ukipasuka, mabaki yanasalia humo, na baada ya miaka unarudi, pengine umeshageuka kansa. Sasa mtu na sindano barazani... sitaki hata kuwaza.

Upasuaji wenyewe, nilivyoelezwa, wanaweza kuingilia kando ya jicho, wakate kipande cha mfupa wa ukingoni, watoe uvimbe, warudishe mfupa pahali pake. Uvimbe ndipo unapelekwa maabara. Nilipomtajia mama habari ya mfupa akasema, "Basi bora sindano." Waona kazi niliyo nayo?

La Nasri lilikuwa la usiku mmoja. Hili laweza kungoja zamu yake, ila lisiguswe. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka, na kwa Bi Rukia mimi bado ni mtoto wa kutumwa binzari. Wewe anakusikia. Mpigie baada ya Isha, akiwa peke yake, na usimtaje Mwanakombo, tutazua vita.

La pili, picha ya CT keshaandikiwa, na lazima ipigwe kabla hawajaamua waingilie wapi. Atahitaji pa kufikia huko kwenu Mombasa. Kile chumba chako cha chini bado kitupu au kuna wageni? Shemeji hatakasirika? Ngazi zako hawezi, jicho lile linamchanganya. Bima yake ya afya ya serikali, SHA, imelipiwa. Wewe ulipompeleka mama mkwe walilipa picha yote, au mliongeza? Nani atakaa naye wodini nikikosa ruhusa kazini? Na lile la kiwanja lilifikia wapi, mbona Athman kila nikimuuliza anacheka tu?

Famau anarudi Ijumaa, mpe jibu la chumba. Nami nitampa halua akuletee, hongo hiyo.

Wako,
Amina