Elfu nne ya geti

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzazi wa hapa Mwanza aliyeandika wiki iliyopita kwamba sisi walimu wa kinanda tunaopita majumbani tunapanga bei kwa kumwangalia mtu usoni. Kazi hii naifanya mwaka wa 11 sasa, naishi Nyakato, na jibu langu ni fupi: amesema kweli. Ila mimi uso nilikuwa siuangalii. Nilikuwa naangalia geti.

Geti la bati lenye kufuli, somo ni 7,000. Geti la chuma lenye kengele, 15,000. Bei ilijipanga kichwani kabla sijakaribishwa kiti. Mwaka juzi nikapata mwanafunzi Isamilo, kule juu, nyumba ya ukuta mrefu na maua yanayoning'inia. Mzee mmoja akanifungulia, nikamtajia 15,000, akaitikia. Nikafundisha miezi mitatu, kila Jumamosi, katika chumba cha uani, kinanda kimelazwa juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa. Hela alinipa kwa noti za elfu na za elfu mbili, zimekunjwa mpaka zimelainika. Hata hapo sikushtuka. Siku moja akaniambia, kwa upole kabisa: "Mwalimu, shemeji yangu yuko Igoma, mwanawe anafundishwa na wewe huyo huyo kwa elfu saba. Hebu nieleweshe, do-re-mi ya Isamilo ina nini cha zaidi?"

Yule mzee alikuwa mlinzi. Mtoto ni wake.

Nikamjibu ni nauli. Usiku nikakaa na daftari. Nyakato hadi Isamilo ni daladala 600 na bodaboda ya kupanda mlima 2,000. Kwenda na kurudi 5,200. Igoma ni daladala tu, 1,200 kwenda na kurudi. Ukitoa nauli, Isamilo nilikuwa nabaki na 9,800, Igoma 5,800. Somo lile lile, skeli ya C ile ile, mkono wa kushoto unaogoma ule ule. Ile elfu nne haikuwa nauli wala ujuzi. Ilikuwa ya geti.

Tangu hapo nimebandika karatasi ya manila mlangoni kwangu: masomo manne kwa mwezi 24,000, yanalipwa mwanzo wa mwezi, na ukitaka nije kwako unaongeza nauli kama ilivyo. Hapa ndipo ninapoachana na mwandishi wa barua ile, anayetaka serikali itupangie bei moja. Hata EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, petroli ya Mwanza haiwi sawa na ya Dar es Salaam, maana gharama ya kuisafirisha imo. Lakini bei inatangazwa, kila mtu anaisoma kabla hajafika kituoni. Mzazi atudai hilo. Tutaje bei kwenye simu, kabla hatujaona anakaa wapi.

Kulipa mwanzo wa mwezi kunawaudhi wengi, najua. Lakini ni mara ngapi nimefika mlangoni nikaambiwa, "Mwalimu, samahani, leo mtoto yuko tuisheni ya hesabu"? Tuisheni hiyo imelipiwa mwezi mzima, na mtoto asipokwenda hakuna anayedai arudishiwe. Mimi niliyekuwa nalipwa kwa somo narudi Nyakato na nauli imeshaliwa. Siku hizi ukinipa taarifa jana yake, somo nalihamisha. Ukiniambia nikiwa getini, limehesabiwa.

Sheria hiyo ina tundu moja, nimelitoboa mwenyewe. Nina mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Binti yake akisikia wimbo mara mbili, ya tatu anaupiga. Siku ya kwanza mama aliniambia: "Mwalimu, usinidai tarehe moja. Nidai giza." Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi, mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inalala, na yeye hana cha kuanika. Kwa hiyo hunilipa giza likishaingia, 24,000 kamili, pengine na kifuko cha dagaa juu yake. Nami nimeanza kutazama mwezi kama mvuvi. Bei ni ile ile ya kwenye manila, tarehe tu ndiyo inafuata ziwa.

Wako walimu wanaoandaa watoto kwa mitihani ya muziki ya madaraja inayotoka London; hao wakitoza zaidi yangu sina neno. Mimi nimelelewa na nota za sol-fa za kwaya, zile za do-re-mi, namfikisha mtoto mahali pa kusindikiza kwaya kanisani bila kutetemeka, basi. Mzazi aseme mapema anataka kipi.

Na yule mlinzi nilimrudishia. Masomo 12 mara 4,000 ni 48,000. Sikuwa nazo mkononi, tukakubaliana nimfidie kwa masomo manne ya 11,000, yaani 5,800 ya somo na 5,200 ya nauli. Hiyo ni 44,000. Elfu nne iliyobaki ananidai mpaka leo, na kila akinifungulia geti ananikumbusha.

Mwalimu wa kinanda,
Nyakato, Mwanza