YAH: MALALAMIKO KUHUSU HATI YA FIDIA MNAYOTAKA NITIE SAHIHI

Kwa Meneja wa Madai,

Mimi ni abiria niliyevunjika mguu na mkono basi lenu lilipopinduka. Nimepokea barua yenu inayonihimiza tumalize suala hili kirafiki. Kupatana sikatai. Ninacholalamikia ni namna mnavyoutafuta huo urafiki.

Afisa wenu alinikuta wodini nikiwa nimetoka upasuaji, dawa ya usingizi bado haijaniisha kichwani. Aliweka karatasi juu ya shuka akanionyesha pa kutia sahihi, kiganja chake kikiwa kimefunika aya ya juu. Nilipomwambia mkono wa kulia umo kwenye plasta, alitoa pedi ya wino mfukoni: dole gumba la kushoto lingetosha. Dada yangu ndiye aliyeichukua ile karatasi akaisoma kwa sauti. Aya iliyofunikwa ilisema nimepokea malipo kamili na ya mwisho, na kwamba sitadai tena kwa jeraha lolote, lililojulikana au litakalojitokeza baadaye.

Litakalojitokeza baadaye! Daktari mwenyewe hajajua kama mfupa wa paja utaunga sawasawa, wala kama nitaweza tena kazi ya kusimama kutwa. Kiasi mlichoandika hakizidi bili ya hospitali. Lakini bili ni sehemu tu ya fidia. Kuna mshahara ninaoukosa, uwezo wa kuchuma uliopungua, matibabu yajayo, na maumivu yenyewe, ambayo hayana risiti ila mahakama huyapimia fedha. Hati ya namna hiyo ikishatiwa sahihi, kuitengua ni kazi ngumu, na ninyi mnalijua hilo kuliko mimi.

Mnasema pia kwamba dereva alikiuka maagizo yenu kwa kushindana na basi jingine, kwa hiyo nimdai yeye. Utetezi huu ni wa zamani mno. Mwaka 1862, katika kesi ya Limpus, kampuni ya mabasi ya London ilieleza kuwa madereva wake walipewa kadi zenye maagizo ya kutoshindana wala kuyazibia njia mabasi mengine. Ikashindwa. Dereva alikuwa kazini, akiitafutia kampuni abiria, na katazo la mwajiri halikumwondolea mwajiri dhima. Wenu naye alikuwa akimfukuzia nani abiria?

Kuhusu dai lenu kwamba sikufunga mkanda, kiti changu hakikuwa nao. Na hata ungekuwapo, mguu wangu ulibanwa na kiti cha mbele kilichong'oka sakafuni na boliti zake. Katika kesi ya Froom dhidi ya Butcher ya mwaka 1975, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilielekeza fidia ipunguzwe kwa asilimia 25 pale mkanda ungezuia jeraha lote, asilimia 15 pale ungelipunguza sana, na isipunguzwe kabisa pale usingebadilisha kitu. Ninyi mmenikata nusu nzima bila kueleza mmeipataje.

Nataka hati ile ifutwe kwa maandishi. Basi lisitengenezwe wala kuuzwa vyuma chakavu kabla mkaguzi wangu hajaliona, hasa sakafu na boliti za viti. Hifadhini kumbukumbu za kidhibiti mwendo, za matengenezo, na ratiba ya zamu za dereva wiki ile. Vikipotea baada ya barua hii, tutaiomba mahakama iwaulize vimepoteaje. Nipeni pia jina la kampuni yenu ya bima na namba ya hati yenu ya bima.

Afisa wenu asije tena wodini. Kila neno lipitie kwa wakili wangu, naye anasubiri majibu yenu ndani ya siku 14. Kwa kawaida mazungumzo hayasimamishi ukomo wa muda wa kufungua kesi, kwa hiyo siku hizo zikipita kimya, atafungua shauri dhidi ya dereva na kampuni kwa pamoja.

Abiria majeruhi

Nakala: Wakili wangu