Bahati, usiitume kwanza

Lubumbashi

Bahati ndugu yangu,

Jambo sana. Senario yako, ile hadithi ya filamu uliyoiandika juu ya mama anayemtafuta mtoto wake Ziwa Kivu, nimeisoma yote mpaka ukurasa wa mwisho, sehemu nyingine kwa mwanga wa simu maana huku umeme ulikuwa umekwenda zake. Nina mengi ya kukuambia juu yake. Lakini nianze na lile ombi lako, kwamba nikutafutie mtu wa kuigeuza Kiingereza ili uitume Netflix, ile kampuni ya filamu za mtandaoni, wewe mwenyewe, moja kwa moja.

Usiitume. Hakuna atakayeisoma, na wala si kwa sababu wewe ni Mkongomani. Kijana wa Los Angeles, mji wenyewe wa filamu, asiye na wakala wa kumuuzia kazi zake anajibiwa hivyo hivyo. Wenyewe wameandika waziwazi kwamba hawapokei senario wala wazo la filamu mpaka lipitie kwa wakala mwenye leseni, au kwa prodyusa, mwanasheria, meneja au mtu mwingine wa kazi hiyo ambaye tayari wanafahamiana naye. Ukipita nje ya hapo, hata ukiandika vizuri kuliko wote, umepiga hodi kwenye ukuta.

Watu husema ni majivuno. Mimi naona ni woga wa mahakama, na woga huo una historia yake. Mwaka 1949 bwana mmoja, Victor Desny, alipiga simu ofisini kwa Billy Wilder, mwongozaji mkubwa wa Hollywood. Hakupewa bosi, akamsimulia sekretari habari ya Floyd Collins, yule mtu aliyenaswa pangoni huko Kentucky mwaka 1925 akafia humo. Akapiga tena, akasoma muhtasari wake, sekretari akauandika. Desny akasema kabisa: mkiitumia, nilipwe. Mwaka 1951 Wilder akatoa filamu ya mtu aliyenaswa pangoni. Desny akamshtaki. Kesi ikapanda hadi mahakama ya juu ya California, nayo ikaamua mwaka 1956 kwamba wazo tupu halina mwenyewe, ila aliyelipokea akijua mwenzake anataka malipo anaweza kuhesabiwa kuwa amekubali mkataba, hata pasipo karatasi. Fikiria, kwa simu tu iliyopokelewa na sekretari! Sasa weka mahali pa ile simu barua pepe elfu na elfu kutoka dunia nzima. Kampuni ikizifungua, kila filamu yake ya mvuvi itakuwa na mvuvi wa kweli mahali fulani anayedai kuibiwa.

Kuna waliojaribu kufungua mlango. Amazon walipoanzisha studio yao mwaka 2010 waliruhusu yeyote kupakia senario mtandaoni. Mwaka 2018 wakafunga. Kwa hiyo mtu akikuandikia kwamba yeye ana njia ya kuifikisha ndani kwa dola kadhaa za "dosie", yaani za kufungua faili, mfukuze. Wakala wa kweli hula asilimia yake kazi ikishauzwa, si kabla.

Mlango mwingine hufunguliwa mara chache, nao ni mashindano. Yale ya Netflix na UNESCO ya hadithi za kale za Afrika yalichukua washindi sita, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Tanzania, kila mmoja akapewa dola 25,000 na bajeti ya 75,000 ya kutengeneza filamu fupi. Zikatoka mwaka 2023. Ya namna hiyo ndiyo ya kufuatilia, maana pale huwa wameomba wenyewe. Masharti uyasome mpaka maandishi madogo ya chini, hasa mahali panaposema kazi inabaki ya nani.

Kuhusu kuibiwa, naona umeandika kwa herufi kubwa kwenye kila ukurasa kwamba kazi hii ni yako. Ondoa, inachosha macho. Sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mwandishi kwa alichokiandika. Tunza nakala zenye tarehe, na kumbuka ulimpa nani asome. Ila hadithi ya mama anayemtafuta mtoto ziwani, hiyo kama wazo, yeyote anaweza kuiandika. Yako ni namna ulivyoiandika.

Na hapo ndipo ninapotaka kukushika mkono. Kile kipande cha alfajiri, wavuvi wanarudi na zile trimarani zao, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, wakiimba, Mama Furaha anangoja na beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwani, halafu anagundua sauti moja haimo kwenye wimbo! Hakuna anayemwambia kitu. Anaendelea kupanga bei. Bahati, pale niliweka simu chini. Lakini kurasa tatu mbele umemleta kanali mwenye helikopta, Mmarekani mwandishi wa habari, na kufukuzana kwa magari kwenye mteremko wa Kadutu, hapo kwenu Bukavu. Hao umewaandikia nani? Naona uliwaweka ili watu wa mbali waelewe, na ndiyo sehemu pekee isiyoeleweka. Mteremko ule hata taksi inapita kwa kuomba.

Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu. Wewe una kurasa zaidi ya mia, na nusu yake ni usiku juu ya maji, kitu ambacho hata wenye hela hukikimbia. Chukua alfajiri ile peke yake. Ufukwe, beseni, wavuvi wachache, wimbo. Kurasa kumi. Iache kwa Kiswahili hicho hicho cha Bukavu, usimfanye Mama Furaha aongee kama redio. Maandishi ya Kifaransa chini yatatosha, na kwa hayo mimi nipo, bila malipo.

Mtazame Baloji, mwanamuziki na mwongozaji wa filamu aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi. Kabla ya kushinda tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023 na filamu yake ndefu ya kwanza, watu walikuwa wameshaona klipu za muziki na filamu fupi alizoongoza. Prodyusa hana muda wa kurasa mia za mtu asiyemjua, ila dakika kumi ataangalia. Kisha huyo prodyusa ndiye atakayebisha kwenye milango ile, na kwenye mifuko ya fedha ya Ulaya kama Hubert Bals wa Rotterdam ambayo husaidia filamu tangu ikiwa kwenye karatasi. Huko Goma wapo Yole!Africa, kituo cha sanaa, ambao wamefundisha vijana wengi kushika kamera. Najua safari ya ziwa siku hizi si ya kuamua tu, kwa vita iliyofika huko mwanzoni mwa 2025, benki zikafungwa. Waandikie kwanza.

Nimekurudishia senario ikiwa na alama zangu. Za nyekundu ni za kukata, usinigombeze. Yule binamu yako aliyekuwa akipiga video za harusi Nyawera bado ana kamera yake, au aliiuza? Nijibu hilo kabla ya yote. Mama umsalimie sana.

Wako,
Kazadi